Mlango Uliokuwa Wazi: Filamu ya The Duchess, Bibi Salme na Swali la Akina Mama wa Mwakirunge

Ikisiri

Makala haya yanaisoma filamu ya The Duchess (2008) kwa jicho la mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Yanadai kwamba kufungika kwa mwanamke wa tabaka la juu katika filamu hiyo hakutokani na kuta wala mavazi, bali na swali la nani mwenye mtoto. Dai hili linapimwa kwa kuilinganisha filamu na maisha ya wanawake wawili wa upwa wetu wa karne ya 19: Bibi Salme binti Said wa Unguja na Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate. Ulinganishi wenyewe ulichochewa na akina mama wa Mwakirunge, Kisauni, walioitazama filamu hii pamoja na mwandishi.

Utangulizi

Katika likizo ya Desemba nilikuwa nyumbani kwa shangazi yangu Mwakirunge, upande wa bara wa Mombasa, nikiwasomesha wanafunzi wachache wa sekondari. Kwa wasiopajua mahali hapa, ni sehemu ya Kisauni ambako minazi na mikorosho ingali imesimama kati ya nyumba, na ambako malori yanayobeba taka za mji huja kupakulia shehena zake. Jina la Mwakirunge likitajwa mjini, wengi hulifikiria jaa kwanza, watu baadaye.

Nilikusudia kuwafunza wanafunzi wangu namna ya kuchambua maleba na mandhari katika utanzu wa maonyesho. Kwa kuwa hatukuwa na jukwaa wala tamthilia ya kuonyeshwa, niliichagua filamu. Nikaiweka kipakatalishi juu ya kinu kilichopinduliwa, tukaketi ukumbini jioni, nami nikawa natafsiri sentensi baada ya sentensi. Wanafunzi walikuwa wanne. Hata hivyo, kabla ya nusu saa kupita, shangazi alikuwa amevuta mkeka wake karibu, na majirani watatu wamejiunga naye. Wawili kati yao huchambua plastiki jaani na kuziuza kwa kilo.

Filamu ilipofika katikati, mmoja wao aliuliza: "Mwalimu, mbona haondoki huyu? Farasi anao, gari analo, fedha anazo. Nani kamzuia?"

Shangazi akamjibu kabla yangu: "Aondoke aende wapi? Na watoto je? Watoto ni wa aliyetoa mahari, hata huko Ulaya."

Nilitaka kumsahihisha shangazi. Nilitaka kusema kwamba Uingereza ya karne ya 18 haikujua mahari kama yetu. Niliporejea kwenye vitabu niligundua kwamba kimsingi yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na kwamba somo langu la maleba lilikuwa limeanza mahali pasipofaa.

Mkataba, mkasi na mtoto

The Duchess iliongozwa na Saul Dibb, na imejengwa juu ya wasifu ulioandikwa na Amanda Foreman na kuchapishwa mwaka 1998. Mhusika mkuu, Georgiana, anaigizwa na Keira Knightley; mumewe, Mtawala wa Devonshire, anaigizwa na Ralph Fiennes. Georgiana alikuwa mtu wa historia: alizaliwa mwaka 1757, akaolewa mwaka 1774 akiwa na umri wa takriban miaka 17, akafariki mwaka 1806.

Mwongozaji anaifungua hadithi kwa matukio mawili yanayokwenda sambamba. Nje, bustanini, Georgiana na wenzake wanawashindanisha wavulana mbio na kuwekeana dau. Ndani, mama yake na Mtawala wanapatana juu ya ndoa. Binti anacheza kamari ndogo akiamini ni yake, ilhali kamari kubwa inachezwa juu yake naye hayupo mezani. Mtawala anachotaka katika mapatano hayo ni kimoja: mrithi wa kiume. Mama anampa hakikisho kama mfanyabiashara anayeisifu bidhaa yake.

Kisha unakuja usiku wa harusi. Mume analikata vazi la bibi harusi kwa mkasi, kwa utulivu wa mtu anayefungua kifurushi. Analalamika kwamba mavazi ya wanawake yana mambo mengi. Mkewe anamweleza kwamba wanaume wana njia nyingi za kujieleza, na wanawake wamebakiwa na kofia na magauni. Hapa ndipo nilipoisimamisha filamu ili niwaonyeshe wanafunzi kwamba maleba yanaweza kubeba dhamira. Kwamba filamu hii ilitunukiwa tuzo ya Oscar ya maleba, kazi ya Michael O'Connor, hakukuwa kwa sababu ya uzuri wa vitambaa peke yake. Gauni la Georgiana ni sauti yake, na mkasi unaikata. Katika tukio la baadaye, akiwa amelewa mbele ya wageni, nywele zake za bandia zinashika moto. Mhakiki hahitaji nadharia ngumu kuliona hilo.

Lakini nilikiri kwamba somo lilianza mahali pasipofaa. Maleba yanatuonyesha namna Georgiana alivyobanwa; hayatuambii kwa nini hakuvua gauni akaenda zake. Jibu la swali hilo limo katika watoto, nao wamejaa katika filamu hii kuliko wahakiki wengi wanavyotaja. Yupo Charlotte, binti wa Mtawala aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye Georgiana analetewa amlee bila kuulizwa. Wapo mabinti wake wawili, ambao baba yao anawaonyesha upendo mdogo kuliko anavyowaonyesha mbwa wake. Wapo wana wa rafiki yake, Bess Foster, waliozuiliwa na baba yao. Bess anaingia kitandani kwa Mtawala kwa kuwa Mtawala ana uwezo wa kumrudishia wanawe. Usaliti huo unamuumiza Georgiana, na una haki ya kumuumiza, lakini filamu haimruhusu mtazamaji kumhukumu Bess kwa wepesi. Amenunua watoto wake kwa sarafu pekee aliyokuwa nayo.

Georgiana anapompenda Charles Grey, kijana mwanasiasa, naye anawekwa kwenye mizani hiyo hiyo. Akichagua kwenda na Grey hatawaona tena watoto wake. Anarudi nyumbani. Mimba aliyokwisha kuipata inafichwa mbali, na mtoto anayezaliwa, Eliza, anakabidhiwa jamaa za Grey. Katika historia mtoto huyo alizaliwa mwaka 1792.

Tishio hilo halikuwa la mume mkali tu. Sheria ya Uingereza ya wakati huo ilimpa baba mamlaka juu ya watoto wa ndoa. Mama hakuwa na haki ya kuwalea wala hata kuwaona baba asipotaka. Ni mwaka 1839 tu ndipo sheria ya kwanza ilipomruhusu mama aombe mahakamani, tena kwa watoto wadogo na kwa masharti. Mali nayo ilikuwa vivyo hivyo. Mke hakuwa na umiliki wake mwenyewe mbele ya sheria ya kawaida hadi marekebisho ya mwaka 1870 na 1882. Yule jirani aliyesema "fedha anazo" alikuwa ameona almasi shingoni akadhani ni za mvaaji. Kwa kweli Georgiana alizama katika madeni ya kamari aliyomficha mumewe maisha yake yote, jambo ambalo filamu imelipita mbio mno, na kwa maoni yangu huo ndio udhaifu wake mkubwa. Imemtaka awe mpenzi aliyeonewa. Imeogopa kumwonyesha kama mdaiwa.

Bibi Salme: aliyeondoka

Je, kwetu yuko aliyeuvuka mlango huo? Yuko. Salme binti Said alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja, binti wa Seyyid Said bin Sultan na suria wake wa Kicherkesi, Jilfidan. Utoto wake ulipita kati ya Mtoni na nyumba iliyojulikana kama Bet il Watoro, na msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita jina hilo bila kusita, akijua yatakayofuata.

Kwa upande wa mali, hali ya Salme ilimzidi Georgiana kwa mbali. Baba yake alipofariki mwaka 1856, Salme, akiwa bado na umri wa miaka 12, alipewa fungu lake la urithi, likiwamo shamba lenye nyumba. Mama yake alipofariki mwaka 1859 kwa kipindupindu, mashamba yake yaliongezeka. Sheria ya Kiislamu ilimtambua kuwa mmiliki, aolewe asiolewe. Wahakiki wetu wachanga wanaoandika kana kwamba ukandamizaji wa mwanamke ulianzia upande mmoja wa dunia wangefaa kuusoma ukurasa huu polepole: katika jambo la mali, binti wa Unguja wa mwaka 1856 alikuwa na haki ambayo bibi mkubwa wa London hakuwa nayo.

Kilichomfunga kilikuwa kingine. Mwaka 1859 aliwasaidia wafuasi wa kaka yake Barghash katika njama dhidi ya kaka yao Majid, kisha njama ikashindwa. Baadaye, akiishi mjini, alifahamiana na jirani yake, mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete. Nyumba zao zilipakana, na dari la yule Mjerumani lilikuwa chini kidogo ya dari lake, kiasi cha kumwezesha kutazama karamu za Wazungu kutoka juu. Mapenzi yakazaa mimba. Agosti 1866 aliondoka Unguja kwa siri kwa meli ya kivita ya Kiingereza, Highflyer, akaenda Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, ambaye alifariki akiwa mchanga. Mwaka 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa, akaelekea Hamburg.

Hapa nauomba uangalifu wa msomaji, kwa kuwa ndipo mahali ambapo hadithi hizi mbili zinapishana kama mashua mbili katika mlango mmoja wa bahari. Georgiana hakuweza kuondoka kwa sababu ya watoto. Salme hakuweza kubaki kwa sababu ya mtoto. Binti wa Sultani, asiyeolewa, mwenye mimba ya asiye Mwislamu, alikuwa katika hatari ya maisha yake. Yamkini tungependa kumsoma kama shujaa aliyevunja minyororo kwa ajili ya mapenzi, na vitabu vya kusisimua hupenda kumwuza hivyo. Lakini mwili wake ulikuwa umeshamwamulia. Mlango kwake ulikuwa wazi upande mmoja tu.

Bei ya kutoka haikuchelewa. Mwaka 1870 mumewe alikufa katika ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi na lugha ngeni. Alifundisha Kiarabu ili apate riziki. Aliporudi Unguja mwaka 1885, akifuatana na manowari za Kijerumani zilizokuwa na shabaha zao wenyewe, Barghash, yule yule aliyemhatarishia jina lake ujanani, hakumpokea. Madai yake ya urithi hayakufua dafu. Alirudi tena mwaka 1888, na hali haikubadilika. Alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924.

Anayesoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) atamkumbuka Maimuna, binti aliyefungiwa katika nyumba ya Maksuudi, na dunia aliyoikuta alipotoka. Mwandishi huyo, naye mzaliwa wa Pemba, alielewa kwamba kutoka si mwisho wa hadithi ya mwanamke aliyefungiwa.

Mwana Kupona: aliyebaki

Mwaka 1856 haukumwua Seyyid Said pekee. Mwaka huo huo alifariki hasimu wake, Bwana Mataka, mtawala wa Siu katika kisiwa cha Pate, ambaye alipambana na majeshi ya Sultani kwa miaka mingi. Wanaume wawili waliopigana wakaondoka pamoja. Mmoja aliacha nyuma binti aliyejifunza kuandika. Mwingine aliacha mjane aliyejua kutunga.

Mjane huyo ni Mwana Kupona binti Mshamu. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa beti 102 ambao hadi leo ni miongoni mwa tungo zinazosomwa zaidi za Kiswahili. Katika madarasa yetu utendi huu huzua mabishano yale yale kila mwaka. Kuna wanaoukataa kwa kuwa unamfunza binti kumtii mume na kumtumikia. Kuna wanaoutetea kwa kuwa ni zao la wakati wake. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, alitoka nje ya mabishano hayo na kuonyesha kwamba utendi unaweza kusomwa pia kwa kejeli, kwamba mke anayeelekezwa kumtunza mume namna ile anamtunza kama mtoto.

Nami nilikuwa katika kundi la kwanza hadi jioni ile ya Mwakirunge. Shangazi, ambaye hajapata kuusoma utendi huo, aliposema "aondoke aende wapi?", alizungumza kutoka mahali pale pale anaposimama Mwana Kupona. Mama anayekaribia kufa, anayemwacha binti katika dunia ambamo ndoa ndiyo paa la pekee, hamwandikii binti huyo kuhusu dunia inayopaswa kuwapo. Anamwandikia namna ya kuishi kesho asubuhi. Tunaweza kuupinga ushauri wenyewe, nami bado naupinga katika mengi. Lakini kuusoma kama sauti ya mume iliyotiwa katika kinywa cha mke ni kumnyang'anya mwanamke huyo ujuzi alioupata kwa kuishi.

Mama yake Georgiana, katika filamu, anampa binti yake ushauri unaofanana sana na huo: vumilia, mzalie mrithi, mambo yatatulia. Mbona basi mmoja anatuchukiza na mwingine tunamsoma kwa heshima? Jibu langu ni kwamba mama wa Georgiana anatoa ushauri baada ya kuusaini mkataba na akiwa amefaidika nao. Mwana Kupona hana mkataba mkononi. Ana wino tu.

Mfupa wa ngamia

Wino huo haukuwa jambo dogo. Salme anasimulia katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, kwamba wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani lakini si kuandika. Alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao. Ujuzi huo ndio uliomfanya awe mwandishi wa barua za wafuasi wa Barghash mwaka 1859, na ndio uliozaa, miaka mingi baadaye, kitabu kinachohesabiwa miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa kuchapishwa na mwanamke Mwarabu. Georgiana naye anahusishwa na riwaya ya The Sylph, iliyotoka mwaka 1778 bila jina la mtunzi. Filamu haiigusi. Imempa mhusika wake magauni ya kujielezea, ikamnyima kalamu, ilhali katika maisha alikuwa na vyote viwili.

Ni hasara kwa filamu. Mwanamke anayeonekana na mwanamke anayeandika si mmoja. Tunamtazama Georgiana kwa macho ya kamera, kama mumewe alivyomtazama kutoka dirishani. Salme na Mwana Kupona tunawasikia.

Nani aliyefua?

Jirani mwingine, ambaye alikuwa kimya muda wote, alisema jambo moja tu usiku ule: "Hizo nguo zinafuliwa na nani?"

Sikuwa na jibu katika mswada wa filamu. Watumishi wamo, wanafungua milango na kufunga kamba za magauni, lakini hawana maisha. Mtoto Charlotte mama yake alikuwa mtumishi; tunamwona mtoto, mama hatumwoni. Udhaifu huu hauko Ulaya tu. Mashamba aliyoyarithi Salme yalilimwa na watumwa, na katika kumbukumbu zake aliutetea utumwa wa Unguja kwa maneno yasiyomstahi. Kisauni hii hii, mwendo wa matatu kutoka Mwakirunge, upo mtaa wa Frere Town, ulioanzishwa mwaka 1875 na wamishonari kuwa makao ya watumwa waliokombolewa. Wanawake waliofikishwa pale hawakuandika kumbukumbu. Mhakiki wa kike anayetaka kuisoma filamu hii kikamilifu hana budi kumhurumia Georgiana bila kusahau kwamba mateso yake yametufikia kwa kuwa alikuwa na mtu wa kumfulia, na muda wa kuandika barua.

Aliyeuliza swali hilo aliondoka kwenye ndoa yake kule Kaloleni miaka sita iliyopita. Watoto walibaki na ukoo wa baba yao. Shangazi alinieleza haya asubuhi yake, akanikanya nisimwulize, nami sikumwuliza.

Lakini filamu ilipokwisha, wenzake wakikunja mikeka, ni yeye aliyebaki amekaa. Alitaka kujua habari za yule mtoto aliyepokonywa, kama alikuja kumjua mama yake. Nikamwambia niliyoyajua: kwamba Eliza alilelewa kama ndugu wa Grey na si binti yake, kwamba Georgiana alikuwa akienda kumwona bila kumwambia yeye ni nani, na kwamba Eliza alikuja kuujua ukweli baadaye. Nikamrudishia filamu nyuma kidogo, nikamsomea maandishi ya mwisho, yanayosema kwamba Eliza alipozaa binti alimwita Georgiana.

"Rudia tena hapo," akasema. Nikarudia.